Masikio ya Ardhi: Setilaiti za Kwanza na Elimu Iliyopatikana kwa Kusikiliza

Usiku wa Ijumaa, tarehe 4 Oktoba 1957, ilipotimu saa nne na dakika ishirini na nane kwa saa za Moscow, katika nyika kame ya Kazakhstan, mahali paitwapo Tyuratam ambapo baadaye pakaja kujulikana ulimwenguni kwa jina la Baikonur, roketi ya Kisovieti aina ya R-7, ambayo asili yake ilibuniwa ili ichukue silaha za maangamizi hadi ng'ambo ya bahari, ilipaa ikiwa na mzigo usiokuwa na silaha hata kidogo. Mzigo huo ulikuwa tufe la alumini lililosuguliwa hata likang'aa, kipenyo chake sentimita 58 na uzito wake kilo 83.6, lenye antena nne ndefu zilizolala kuelekea nyuma. Na ndani yake hamkuwamo darubini wala kamera, ila betri, feni ndogo ya kusawazisha joto, gesi ya naitrojeni na mtambo wa redio. Likaitwa Sputnik. Wahandisi walioirusha hawakuwa na yakini papo hapo. Kituo cha Kamchatka, mashariki ya mbali ya nchi ile, kilipoleta habari kwamba sauti ya tufe imesikika ikipita, bado haikuthibitika kwamba limeshika njia ya kuizunguka dunia, kwani huenda lilikuwa limepaa ili lianguke mbali kama kombora lolote jingine. Basi wakangoja wakihesabu dakika, mpaka dunia nzima ilipokwisha kuzungukwa kwa muda wa dakika 96 na sauti ile ile ikatokea tena upande wa magharibi, ndipo walipojua kwamba, kwa mara ya kwanza tangu kuumbwa kwa ulimwengu, kitu kilichotengenezwa kwa mikono ya wanadamu kimekuwa mwezi mdogo wa ardhi.

Huko kuingoja sauti ndiko ninakotaka msomaji akuzingatie, kwa sababu ndiko kunakoeleza vyema zaidi tarikhi ya setilaiti za mwanzo. Watu hukumbuka moto wa roketi na ngurumo zake, na mashindano ya dola mbili kubwa zilizotaka kuonyeshana nguvu. Lakini elimu iliyopatikana katika miaka ile haikuletwa na moto, bali ililetwa na watu walioketi ardhini, wamevaa vidude vya masikioni, wakiandika walichokisikia na kukipiga hesabu usiku kucha. Setilaiti ni nusu ya chombo tu. Nusu yake ya pili ni sikio lililo ardhini, na bila ya sikio hilo tufe lililogharimu mamilioni lingekuwa madini yaliyotupwa juu bure. Na baadhi ya masikio hayo ya mwanzo yalitegwa katika pwani yetu hii ya Afrika Mashariki, jambo ambalo wengi wetu hatukusomeshwa shuleni, nalo lastahili kujulikana.

Kwa nini haianguki

Kwanza yafaa kuondoa dhana moja iliyoenea, nayo ni kwamba setilaiti hubaki juu kwa kuwa imekwisha kuvuka mpaka wa uvutano wa ardhi. Si kweli. Mahali Sputnik ilipopita, kilomita mia mbili na kitu juu ya ardhi ilipokuwa karibu na kilomita mia tisa na kitu ilipokuwa mbali, uvutano haujapungua sana. Na lau tufe lile lingesimama, lingeanguka moja kwa moja. Isaac Newton, mwanachuoni wa Kiingereza, alikwisha kulieleza jambo hili katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1728, baada ya kufa kwake. Alisema, tuseme mzinga umewekwa juu ya kilele cha mlima mrefu kupita kiasi, ukafyatuliwa sawasawa na upeo: risasi ya kwanza itaanguka karibu, ya pili, ikiongezwa kasi, itaanguka mbali, na kwa kuwa ardhi ni mviringo, itafika kasi ambayo risasi ikizidi kuanguka, ardhi nayo huzidi kujipinda chini yake kwa kadiri ile ile, hata isipate kamwe mahali pa kutua. Setilaiti basi huanguka daima, na daima huikosa ardhi.

Kasi inayotakiwa karibu na ardhi ni kiasi cha kilomita 8 kwa kila sekunde. Mwenye kwenda mwendo huo angeondoka Dar es Salaam akapita Mombasa kabla ya dakika moja kwisha. Katika hewa nzito kasi hiyo haiwezekani, kwa kuwa chombo kingeungua kwa msuguano, na ndiyo maana sharti kwanza kipandishwe juu kabla ya kusukumwa mbele. Konstantin Tsiolkovsky, mwalimu wa shule katika mji mdogo wa Kaluga huko Urusi, ambaye maradhi ya utotoni yalimwachia uziwi, alionyesha kwa hesabu mwaka 1903 kwamba roketi yaweza kuifikia kasi hiyo, na baadaye akaeleza kwamba njia ya kufaulu ni kuziunga roketi kadhaa pamoja, kila moja ikimaliza mafuta yake iachwe ianguke, ili iliyobaki isibebe uzito usio na faida. Roketi iliyoirusha Sputnik ilijengwa kwa kanuni hiyo. Mhandisi wake mkuu, Sergei Korolev, hakutajwa hadharani kwa sababu serikali ililifanya jina lake kuwa siri ya dola, na ulimwengu haukumjua mpaka alipofariki mwezi wa Januari 1966.

Wala Sputnik haikutokea kwa ghafula kama ilivyodhaniwa na waliostushwa nayo. Wanazuoni wa mataifa zaidi ya sitini walikuwa wamekubaliana kwamba kuanzia tarehe 1 Julai 1957 hadi tarehe 31 Desemba 1958 wataichunguza dunia kwa pamoja: bahari zake, barafu zake, hewa yake na usumaku wake, na mwaka 1955 Marekani na Muungano wa Kisovieti kila mmoja alikuwa ametangaza nia ya kurusha setilaiti katika kipindi hicho. Wasovieti walikuwa wakitengeneza chombo kizito chenye vipimo vingi, kikachelewa. Na kwa kuchelea kutanguliwa, wakaamua kurusha kwanza tufe jepesi ambalo kazi yake kubwa ingekuwa kutoa sauti.

Mlio na yaliyokuwa ndani yake

Sauti yenyewe ilikuwa mlio mfupi wa sehemu tatu za kumi za sekunde, kisha kimya cha kadiri hiyo hiyo, kisha mlio tena, kwa masafa mawili ya redio, megahezi 20.005 na megahezi 40.002, ambayo yalichaguliwa makusudi ili hata wapenzi wa redio majumbani mwao waweze kuyadaka. Na kweli waliyadaka, katika mabara yote. Mlio ule haukuwa na maneno, lakini haukuwa mtupu. Urefu wa mapigo yake ulitengenezwa ubadilike endapo joto au shinikizo la gesi ndani ya tufe lingevuka kiwango, na kwa hiyo kila aliyeusikia vilevile bila ya mabadiliko alikuwa akiambiwa kwamba kimondo hakijalitoboa na kwamba mitambo yake ingali salama. Zaidi ya hayo, kwa jinsi mawimbi yale yalivyopindika na kufifia yakipita katika tabaka za juu za hewa zenye umeme, wanazuoni walipata habari za tabaka hizo kutoka upande wa juu, ambapo hapo kabla walikuwa wakizichungulia kutoka chini tu.

Lakini funzo kubwa kuliko yote lilipatikana katika mlio ule na watu ambao hawakuutengeneza wala hawakutumwa kuuchunguza. Katika maabara ya fizikia ya Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, jimbo la Maryland, vijana wawili, William Guier na George Weiffenbach, walitega kipokezi cha redio siku chache baada ya kurushwa kwa Sputnik, wakaunasa mlio katika utepe wa kinasa sauti. Wakatambua kwamba mlio ulikuwa mwembamba kidogo setilaiti ilipokuwa ikija, ukawa mzito ilipokuwa ikienda zake. Sababu yake kila aliyesimama kando ya reli huijua kwa masikio yake: honi ya gari la moshi linalokuja husikika kali, na likishapita hushuka, kwa kuwa mawimbi ya kitu kinachokaribia husongamana na ya kitu kinachoondoka hutawanyika. Kwa mwendo wa Sputnik, mawimbi yaliyopokewa katika sekunde moja yaliweza kuzidi au kupungua kwa mia tano hivi kati ya milioni ishirini, nayo ni tofauti ndogo sana, lakini ilipimika. Guier na Weiffenbach wakaichora tofauti hiyo kwa kufuata saa, wakaona kwamba jinsi mlio unavyoshuka, kwa haraka au kwa taratibu, kunabainisha umbali wa setilaiti na mwendo wake; na baada ya hesabu nyingi wakaweza, kwa kituo kimoja tu cha kusikilizia, kueleza njia nzima ya chombo ambacho wenyewe hawakukiona.

Miezi kadhaa baadaye, mwaka 1958, mkubwa wao Frank McClure aliwauliza swali lililoipindua hesabu ile: ikiwa aliye mahali panapojulikana aweza kusikiliza akajua setilaiti iko wapi, je, aliyepotea baharini, akijua njia ya setilaiti, hawezi kusikiliza akajua yeye mwenyewe yuko wapi? Waliporudia hesabu wakaona yawezekana. Kutokana na swali hilo kukazaliwa mfumo wa Transit, ambao setilaiti yake ya kwanza iliyofaulu ilirushwa mwezi wa Aprili 1960, ukawaongoza manahodha kwa zaidi ya miaka thelathini. Na mfumo wa leo unaomwonyesha dereva njia katika simu yake, ijapokuwa unatumia kanuni nyingine ya kupima wakati, ni mrithi wake. Matunda makubwa kama haya yalitoka katika mlio ambao wengine waliudharau wakisema hauna lolote ila fahari.

Betri za Sputnik zilikwisha baada ya majuma matatu, ikanyamaza. Hata hivyo haikuacha kufundisha. Kwa kuwa hata juu kule kuna hewa, nyepesi mno lakini ipo, tufe lilipunguziwa mwendo kidogo kidogo katika kila mzunguko, likateremka, na kwa kupima jinsi lilivyoteremka wanazuoni wakakadiria uzito wa hewa mahali ambapo hakuna chombo cha kupimia kilichowahi kufika. Tarehe 4 Januari 1958 likaingia katika hewa nzito likateketea.

Roho iliyosikika ikidunda

Kabla ya hapo, tarehe 3 Novemba 1957, Wasovieti walirusha Sputnik ya pili, uzito wake kilo 508, na ndani yake mlikuwamo mbwa jike aliyeokotwa katika njia za Moscow, jina lake Laika. Vipimo vilivyofungwa mwilini mwake vilileta ardhini mapigo ya moyo wake: yaliongezeka mara tatu roketi iliposhika kasi, na yakachukua muda mrefu kurudi katika hali ya kawaida. Hivyo ilithibitika kwamba kiumbe chenye damu ya moto chaweza kustahimili kurushwa na kuishi pasipo uzito. Lakini mtambo wa kupoza joto haukufanya kazi ipasavyo, na Laika alikufa kwa joto katika saa chache za mwanzo. Habari hiyo haikusemwa waziwazi mpaka mwaka 2002, na kwa miaka mingi watu waliaminishwa kwamba aliishi siku kadhaa kwa raha. Hakuwa amepangiwa kurudi. Naona ni wajibu kulitaja jambo hili bila ya kulipamba, kwa kuwa kusikiliza kwa elimu kuna amana yake: aliyepokea ishara za chombo amekabidhiwa ukweli ambao wengine hawana njia ya kuupata, naye akiuficha huwa amewadhulumu wote wasio na kipokezi.

Kimya kilichokuwa kelele

Marekani nayo ilijaribu tarehe 6 Desemba 1957, huko Cape Canaveral, mbele ya waandishi wa habari na kamera. Roketi ya Vanguard ilijiinua kiasi cha mita moja na kitu, ikakosa nguvu, ikarudi chini, ikalipuka. Setilaiti yake ndogo ilirushwa kando na mlipuko ule, na hapo ilipoanguka redio yake ikaendelea kutoa sauti ardhini kana kwamba imekwisha kufika mbinguni.

Hazikupita siku sitini, na usiku wa tarehe 31 Januari 1958 kundi jingine la Wamarekani, roketi yao ikiwa imesimamiwa na Wernher von Braun, Mjerumani ambaye zamani aliyatengenezea majeshi ya Hitler makombora, likafaulu kuirusha Explorer 1. Uzito wake ulikuwa kiasi cha kilo 14 tu, lakini ndani yake mlikuwamo kile ambacho Sputnik ya kwanza haikuwa nacho, yaani kipimo cha elimu: kihesabio cha Geiger, ambacho hutoa pigo kila kinapopitiwa na chembe ya mionzi, kilichowekwa na James Van Allen na wanafunzi wake wa Chuo Kikuu cha Iowa ili kuhesabu mionzi itokayo anga za mbali. Matokeo yalipokusanywa kutoka vituo mbalimbali, yalistaajabisha. Chombo kilipokuwa chini, hesabu zilikuwa kama zilivyotarajiwa. Kilipopanda juu sana, katika njia iliyofika mpaka kilomita elfu mbili na mia tano hivi, kihesabio kilinyamaza kabisa, kikaleta sifuri.

Mwenye haraka angesema kwamba chombo kimeharibika, au kwamba huko juu hakuna mionzi. Na kwa kuwa Explorer 1 haikuwa na kinasa, ikasikika pale tu ilipopita juu ya kituo, ushahidi ulikuwa vipandevipande. Explorer 3, iliyorushwa tarehe 26 Machi 1958 ikiwa na kinasa kidogo cha utepe, ilihifadhi hesabu za mzunguko mzima na kuzitema kwa sekunde chache ilipoamriwa kutoka ardhini. Utepe ulipochorwa, ikaonekana hesabu zinapanda, zinapanda mpaka upeo wa kipimo, kisha ghafula sifuri, kisha upeo tena, kisha zinashuka. Mmoja wa wanafunzi wale, Carl McIlwain, akakichukua kihesabio cha namna ile ile maabarani, akakiweka mbele ya mashine ya eksirei, akaongeza mionzi kidogo kidogo. Na ilipozidi kipimo, kikanyamaza. Maana ikawa wazi: kimya kile hakikuwa uchache, kilikuwa wingi uliopita kiasi. Tarehe 1 Mei 1958 Van Allen akatangaza kwamba ardhi imezungukwa na ukanda wa chembe zenye umeme, zilizonaswa na usumaku wake, zikienda na kurudi baina ya kaskazini na kusini. Na baadaye ukathibitika kuwa kanda mbili, ambazo leo zinaitwa kwa jina lake.

Lililo zito zaidi ni hili, kwamba Wasovieti nao walipata nafasi ya kuzichora kanda hizo kikamilifu, wakaikosa kwa udhaifu wa sikio. Sputnik ya tatu, kile chombo kizito kilichochelewa, ilirushwa tarehe 15 Mei 1958 ikiwa na uzito wa kilo 1,327 na vipimo vya kila namna. Lakini kinasa chake kilikuwa kibovu, na kwa hiyo kiliweza kusikilizwa pale tu kilipopita juu ya vituo. Chombo kilichozidi uzito wa Explorer 1 mara tisini na kitu kiliona mengi na kikashindwa kuyasimulia.

Ndogo kuliko zote ilikuwa Vanguard 1, iliyorushwa tarehe 17 Machi 1958, yenye uzito wa kilo moja na nusu hivi na kipenyo cha sentimita 16.5. Hiyo ndiyo iliyokuwa ya kwanza kupata umeme kutokana na mwanga wa jua; na wakati wenzake waliotegemea betri walinyamaza baada ya majuma au miezi, yenyewe iliendelea kusikika mpaka mwaka 1964. Kwa kuifuatia muda mrefu, wanahisabati waliona njia yake inayumba kwa namna ambayo haikuweza kuelezwa ila kwa kukubali kwamba umbo la ardhi, mbali na kubonyea kidogo kwenye ncha zake kama ilivyojulikana, limechomoza kwa mita kadhaa upande wa kaskazini na kubonyea upande wa kusini. Redio yake ilikwisha kufa, lakini chombo chenyewe kingali kinazunguka mpaka leo, nacho ndicho kikongwe kuliko vyote vilivyotengenezwa na wanadamu vikabaki angani.

Masikio ya pwani yetu

Setilaiti haisubiri msikilizaji. Inapotokea katika upeo wa kituo hupita kwa dakika chache, ikazama upande wa pili. Na kwa hiyo mwenye kutaka kuisikia mzunguko mzima hana budi kutega vituo duniani kote. Jambo hilo lilizidi kuwa la lazima ilipokusudiwa kumrusha mwanadamu. Muungano wa Kisovieti ulitangulia tarehe 12 Aprili 1961, Yuri Gagarin alipoizunguka dunia kwa muda wa dakika 108. Na Marekani, kwa ajili ya safari zake za Mercury, ilijenga mlolongo wa vituo uliotoka Cape Canaveral ukapita Bermuda, meli katika Atlantiki, visiwa vya Canary, Kano katika Nigeria, kisha Unguja, kisha meli katika Bahari ya Hindi, Australia, na visiwa vya Pasifiki, ukarudi Amerika.

Kituo cha Unguja kilijengwa Tunguu, baada ya makubaliano ya mwaka 1960 baina ya Marekani na Uingereza, ambayo wakati huo ilikuwa na himaya juu ya visiwa. Kazi yake ilikuwa kupokea vipimo na kuzungumza na aliye angani. Tarehe 20 Februari 1962, John Glenn alipokuwa Mmarekani wa kwanza kuizunguka dunia, chombo chake kilipita juu ya Afrika, na sauti yake ikapokewa Unguja. Humo chomboni alifanya mazoezi kwa kuvuta kamba ya mpira iliyofungwa mbele yake, ili daktari aliyekuwa kituoni apate kuona katika karatasi jinsi moyo unavyojibu ukitumikishwa pasipo uzito. Kutoka hapo akaelekea Bahari ya Hindi, ambako aliliona jua likizama kwa mara ya kwanza katika safari ile, nalo lilizama upesi sana kwa ajili ya kasi yake.

Kituo hakikukosa upinzani. Zilikuwa zama za kudai uhuru, na wengi Unguja walihofia kwamba mitambo ile ni ya vita, wakaandamana kuipinga. Na baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 serikali mpya ikataka kiondolewe, kikafungwa mwaka huo huo, na kazi yake ikahamia Madagaska. Hofu ile haikuwa ya kijinga, kwa kuwa roketi za zama hizo zilizaliwa na silaha. Lakini matokeo yake ni kwamba sikio liliondoka Unguja pamoja na wageni waliolileta, na halikuacha nyuma yake wenyeji waliofunzwa kulitumia.

Kenya ilikuja kupata sehemu yake kwa njia nyingine. Luigi Broglio, profesa wa Chuo Kikuu cha Roma, alitafuta mahali karibu na mstari wa Istiwai pa kurushia setilaiti za Italia, akapachagua pwani ya Ngomeni, kaskazini ya Malindi, digrii tatu hivi kusini ya mstari huo. Katika bahari ya huko vikasimamishwa vyombo viwili vya chuma vyenye miguu iliyokita chini, vya namna inayotumika kuchimbia mafuta: San Marco, iliyobeba roketi, na Santa Rita, iliyobeba waongozaji. Tarehe 26 Aprili 1967 setilaiti San Marco 2 ikapaa kutoka hapo. Faida ya mahali ni mbili. Kwanza, ardhi katika Istiwai huzunguka kwa kasi ya mita 465 kwa sekunde kuelekea mashariki, na roketi hupewa kasi hiyo bila ya gharama. Pili, chombo kikizunguka juu ya Istiwai kwa kimo kisicho kikubwa, hukwepa kwa kadiri kubwa mahali ambapo ukanda wa Van Allen umeshuka karibu na ardhi, juu ya Atlantiki ya Kusini. Na kwa kipimo chororo cha mionzi, kukwepa huko ni neema isiyo kifani.

Kwa sababu hiyo Wamarekani walikuja Ngomeni na setilaiti yao ya kwanza ya kuchunguza mionzi ya eksirei ya nyota. Mionzi hiyo huzuiwa na hewa, na hapo kabla mwanafizikia Riccardo Giacconi na wenzake walikuwa wakiitafuta kwa roketi zilizopanda na kuanguka, zikawapa dakika chache tu za kutazama. Setilaiti ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kutimia miaka saba ya uhuru wa Kenya, na msimamizi wake, Marjorie Townsend, akaipa jina la Uhuru. Ikafanya kazi mpaka mwaka 1973, na orodha ya mwisho ya vyanzo vilivyotokana na vipimo vyake ilifika 339. Katika chanzo kiitwacho Centaurus X-3 ilikuta mapigo yanayojirudia kila sekunde 4.84, dalili ya nyota ya nyutroni inayozunguka upesi huku ikinyonya gesi ya nyota jirani yake. Na katika Cygnus X-1 ilikuta mionzi inayobadilika ovyo kwa muda usiofika sekunde moja, dalili iliyowaongoza wanafalaki kwenye shimo jeusi la kwanza kukubaliwa na wengi. Giacconi alitunukiwa Nobeli ya fizikia mwaka 2002. Hadi mwaka 1988 setilaiti tisa zilikuwa zimerushwa kutoka bahari ile ya Malindi.

Leo roketi hazipai tena Ngomeni, lakini antena zingali zikipokea. Kenya imepata setilaiti zake, ile ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi iliyoachiwa kutoka kituo cha kimataifa cha anga mwezi wa Mei 2018, na Taifa-1 iliyorushwa kutoka Marekani mwezi wa Aprili 2023. Na kila inaporushwa nyingine, magazeti yetu huandika kwa furaha juu ya moto na ngurumo. Furaha hiyo ni halali. Lakini tarikhi niliyoisimulia yatuonya kwamba moto waweza kununuliwa kwa mtu mwingine, na usikivu hauwezi. Guier na Weiffenbach hawakuwa na roketi. Walikuwa na kipokezi, utepe na hisabati. McIlwain hakuigundua maana ya kimya kwa kupanda mbinguni, bali kwa kushuku jibu rahisi na kulijaribu mezani. Vitu hivyo si ghali: kipokezi cha redio, waya na kompyuta ya kawaida humwezesha mwanafunzi wa sekondari kuudaka mlio wa setilaiti ipitayo na kuuchora kama wale vijana walivyouchora. Kwa hiyo serikali na shule za pwani hii, ambayo zamani ilikopesha ardhi na bahari yake kwa masikio ya wengine, zikitaka fungu lao katika elimu ya anga, na zianze kwa kusomesha vijana hisabati na fizikia mpaka waweze kukifasiri wanachokisikia. Maana mwenye kurusha chombo hupata sifa ya siku moja, na mwenye kujua kukisikiliza ndiye anayebaki na elimu yake.